Swali Lisiloacha Mlango wa Nyuma

Mhadhara uliotolewa Kigoma mjini mbele ya madiwani, wasaidizi wa wabunge na watangazaji wa redio

Mwakeye, wazee wangu. Waheshimiwa madiwani, ndugu zetu mnaofanya kazi katika ofisi za wabunge, nanyi wa redio mliokuja na vinasa sauti vyenu: shikamooni kwa mnaostahili, na wengine habari za asubuhi.

Naomba tuanze na maneno ambayo kila aliyeko humu ameyasikia redioni. "Je, ni lini Serikali itajenga kwa kiwango cha lami barabara ya kutoka mahali fulani hadi mahali fulani?" Naibu Waziri anasimama. "Mheshimiwa Spika, Serikali inatambua umuhimu wa barabara hiyo. Upembuzi yakinifu na usanifu wa kina unaendelea, na ujenzi utaanza kwa kadri ya upatikanaji wa fedha." Mbunge anashukuru kwa majibu mazuri ya Serikali. Swali linalofuata.

Pale hakuna aliyesema uongo, na hakuna aliyepata kitu cha kushika. Jibu halina tarehe wala kiasi, halitaji ofisi ya kuulizwa kesho. Mwaka ujao litasomwa tena vilevile, na bado litakuwa kweli. Tumezoea kumlaumu anayejibu. Mimi nasema nusu ya kosa iko kwenye swali. "Ni lini" ikiulizwa peke yake inajibika kwa "tukipata fedha", na aliyeandika swali ndiye aliyeuacha mlango huo wazi.

Mamlaka ya kuuliza yapo, tena ya juu kabisa. Ibara ya 63 ya Katiba yetu ya mwaka 1977 inalitaja Bunge kuwa chombo chenye madaraka, kwa niaba ya wananchi, ya kuisimamia na kuishauri Serikali. Ibara ndogo ya tatu inapoorodhesha njia za kufanya kazi hiyo, ya kwanza kabisa, herufi (a), ni kumwuliza Waziri yeyote swali lolote kuhusu mambo ya umma yaliyo katika wajibu wake. Swali limetajwa kabla ya mjadala wa bajeti na kabla ya kutunga sheria.

Yashikeni hayo maneno ya mwisho: "yaliyo katika wajibu wake". Hapo ndipo maswali mengi yanapofia. Barabara ya Kigoma, Kasulu, Kibondo hadi Nyakanazi iko chini ya TANROADS, wakala wa barabara kuu, kwa hiyo mwulize Waziri wa Ujenzi. Barabara ya kutoka kijijini kwenda kwenye lami iko chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, na hiyo anajibu Waziri anayeshughulikia TAMISEMI, yaani tawala za mikoa na serikali za mitaa. Ukiichanganya, utajibiwa kwa heshima kabisa kwamba barabara hiyo haihudumiwi na wizara hii, na nafasi yako imekwenda. Maji ya vijijini yako RUWASA, wakala wa maji vijijini, ya mjini yako kwenye mamlaka ya maji, ila yote mawili ni Wizara ya Maji. Zahanati inajengwa na halmashauri, lakini dawa zinatoka Bohari ya Dawa, ambayo iko chini ya Wizara ya Afya. Anayeuliza "kwa nini zahanati yetu haina dawa" lazima kwanza ajue dawa zimekwama wapi: halmashauri haikuagiza, au iliagiza na bohari haikuleta? Ni maswali mawili kwa mawaziri wawili. Mambo ya wakimbizi wa kambi ya Nyarugusu yako Wizara ya Mambo ya Ndani, lakini uharibifu wa misitu unaozunguka kambi ni wa wizara nyingine.

Sasa tuifuate karatasi yenyewe. Mbunge anaandika swali na kulipeleka kwa Katibu wa Bunge mapema, kabla ya mkutano. Ofisi ya Bunge inalipima kwa Kanuni za Kudumu. Lisiwe hotuba iliyovaa alama ya kuuliza, lisitafute maoni binafsi ya Waziri, lisijengwe juu ya jambo la kudhania, lisiingilie shauri lililoko mahakamani, lisirudie lililokwisha kujibiwa. Likipita, linakwenda wizarani. Wizara haina takwimu za kata yako mezani, kwa hiyo inawaandikia walio chini: mkoa, halmashauri, meneja wa wakala. Takwimu zinapanda ngazi moja moja, jibu linaandikwa, linapitiwa, na siku ya swali Waziri au Naibu wake analisoma.

Waheshimiwa madiwani, sikilizeni hapa. Namba anayoisoma Naibu Waziri Dodoma mara nyingi imetoka kwenye ofisi mnayoipita kila siku. Mkuu wa idara ndiye aliyeiandika. Ikiwa mbunge wenu ameuliza juu ya madarasa ya kata yako, wewe unaweza kujua ni namba ipi iliyopelekwa, na kama hailingani na madarasa unayoyaona kwa macho, mwambie mbunge kabla jibu halijasomwa. Hapo ndipo maswali ya nyongeza yanapopata nguvu. Mwenye swali la msingi anaruhusiwa mawili ya nyongeza, na mbunge aliyekuja na namba za kwenu mkononi hawezi kushukuru kwa majibu mazuri ambayo si mazuri.

Watu wanapenda zaidi maswali ya papo kwa papo kwa Waziri Mkuu siku ya Alhamisi. Yana joto, yanatoka kwenye taarifa ya habari. Lakini yale ni ya sera, hayatolewi taarifa mapema, na anayejibu ana haki ya kujibu kwa jumla kwa sababu hakuna awezaye kukariri idadi ya visima vya Buhigwe. Ukitaka msimamo, uliza papo kwa papo. Ukitaka namba, andika.

Tuchukue mfano mmoja tuuchambue mpaka mwisho, na uwe wa hapa kwetu: michikichi. Tangu mwaka 2018, Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, alipoanzisha kampeni ya kulifufua zao hili, kituo cha taasisi ya utafiti wa kilimo, TARI Kihinga, kimekuwa kikizalisha mbegu bora za aina ya Tenera. Mtu akiandika, "Je, Serikali ina mpango gani wa kuwasaidia wakulima wa michikichi Kigoma?", atapata jibu refu na tamu. Mipango ipo, haijawahi kukosekana. Swali limeomba mpango, limepewa mpango.

Sasa liandikwe hivi: "Katika kila mwaka wa fedha kuanzia 2021/2022 hadi 2024/2025, ni miche mingapi ya michikichi aina ya Tenera iligawiwa kwa wakulima katika kila halmashauri ya Mkoa wa Kigoma, na kati ya hiyo ni mingapi ilikuwa hai shambani baada ya miezi kumi na miwili?"

Tazameni kila neno linafanya kazi gani. "Kila mwaka wa fedha" linazuia namba moja kubwa ya jumla inayoficha mwaka mbovu ndani ya miaka mizuri. "Iligawiwa" imewekwa makusudi, maana "iliyozalishwa" ni namba nyingine kabisa: miche inaweza kuzalishwa ikakauka kitaluni. "Kila halmashauri" inamzuia anayejibu kuizika Kakonko chini ya Uvinza. Na "hai baada ya miezi kumi na miwili" ndiyo roho ya swali. Mche uliogawiwa Aprili, mvua zinapoelekea ukingoni, unaweza kuwa umekufa kufikia Septemba, na kwenye ripoti bado unahesabiwa kama mafanikio. Wizara ikijibu kwamba haina takwimu za miche iliyo hai, hilo nalo ni jibu, tena zito: fedha za umma zimetumika na hakuna aliyerudi shambani kuhesabu. Swali zuri lina sifa hiyo. Jibu lolote litakalotolewa, hata la kukwepa, linakuachia kitu.

Kwenye fedha kuna maneno manne ambayo nawaomba mtoke nayo humu. Fedha iliyotengwa, iliyoidhinishwa, iliyotolewa, iliyotumika. Halmashauri inaweka kwenye makadirio, hiyo imetengwa. Bunge linapitisha mwezi Juni, hiyo imeidhinishwa. Hazina inapeleka kidogo kidogo kati ya Julai na Juni inayofuata, hiyo imetolewa. Halafu inalipwa kwa fundi au mkandarasi, hiyo imetumika. Tuseme zimetengwa shilingi milioni 500 kwa kituo cha afya, zikaja milioni 120, zikatumika milioni 90. Jibu likisema "Serikali ilitenga shilingi milioni 500" ni kweli tupu, na anayesikiliza redioni anaamini kituo kimejengwa. Kwa hiyo usiandike kamwe "ni kiasi gani cha fedha kimewekwa". Neno "kimewekwa" halina maana kwenye hesabu za Serikali, na anayejibu atachagua maana inayompendeza. Andika: "Ni kiasi gani kiliidhinishwa, kiasi gani kilipokelewa kwenye akaunti ya halmashauri na kwa tarehe zipi, na kiasi gani kilikuwa kimetumika kufikia tarehe 30 Juni?"

Zile tarehe nazo zina kazi yake. Fedha ikifika wiki za mwisho za Juni, mwaka unakwisha kabla taratibu za ununuzi hazijakamilika. Halmashauri itaonekana imeshindwa kutumia fedha, na kosa la kuchelewesha litakuwa limehamia kwa aliyecheleweshewa.

Asilimia ni mtego mwingine. "Utekelezaji wa mradi umefikia asilimia 65." Asilimia 65 ya nini? Ya kazi iliyofanyika chini, ya fedha iliyolipwa, au ya muda wa mkataba uliopita? Mradi unaweza kuwa asilimia 80 kwa muda na 35 kwa kazi, na hapo una mradi mgonjwa. Uliza zote tatu kwenye swali moja, zitasemeshana zenyewe. Kwa miradi ya wakandarasi, ongeza hati za madai: ngapi zimewasilishwa, ngapi zimelipwa, iliyokaa muda mrefu zaidi ina siku ngapi, na riba iliyolimbikizwa ni kiasi gani. Mkandarasi anayeondoa mitambo eneo la kazi mara nyingi hajakimbia, hajalipwa. Na riba anayoidai italipwa kutoka kodi ileile iliyokusudiwa kuongeza kilomita.

Kuna neno "mchakato". Jibu likiwa na neno "mchakato", rudini na swali dogo: mchakato uko hatua ipi kati ya hatua zilizowekwa na sheria, ulifika hapo tarehe gani, na karatasi iko kwenye ofisi ipi. Basi.

Wenzetu wamepitia haya zamani. India wameyagawa maswali makundi mawili. Yenye alama ya nyota hujibiwa kwa mdomo, na kwa kikao kimoja cha Lok Sabha, baraza la wabunge waliochaguliwa na wananchi, hayazidi 20. Yasiyo na nyota hujibiwa kwa maandishi tu, hadi 230 kwa kikao. Uwiano wenyewe unaonyesha mzigo mkubwa wa kuibana serikali unabebwa wapi. Na wanajua matunda yake. Mwaka 1957 wabunge waliuliza juu ya shirika la bima la serikali kununua hisa katika kampuni za mfanyabiashara Haridas Mundhra. Maswali hayo, na namba zilizofuatiliwa bungeni na mbunge Feroze Gandhi, ambaye alikuwa wa chama tawala chenyewe, yaliweka wazi ununuzi wa rupia milioni 12.4 katika kampuni sita. Ikaundwa tume ya Jaji Chagla, na Februari 1958 Waziri wa Fedha, T. T. Krishnamachari, akajiuzulu.

Uingereza mafunzo yake ni ya upande wa pili, wa majibu. Huko wizara inaweza kukataa kujibu swali la maandishi kwa kuwa kulitafutia jibu kutagharimu zaidi ya kiwango kilichowekwa, ambacho kimekuwa pauni 850. Wabunge wazoefu wamejifunza kulivunja swali kubwa vipande: mwaka mmoja badala ya kumi, mkoa mmoja badala ya nchi nzima. Sisi nasi tunaweza kuiga hilo, kwa sababu swali linalotaka takwimu za nchi nzima kwa miaka 20 linampa anayejibu kisingizio halali cha kusema zinakusanywa.

Halafu kuna jambo la silaha na Iraq. Serikali ya Uingereza ilikuwa na mwongozo wa kuzuia vifaa vya kivita kwenda Iran na Iraq, uliotangazwa bungeni mwaka 1985. Desemba 1988, vita vya nchi hizo vilipokwisha simama, mawaziri wadogo watatu walikubaliana kimyakimya kuulegeza kwa upande wa Iraq. Wabunge walipouliza mwaka 1989, waliendelea kujibiwa kwamba mwongozo ni uleule. Uchunguzi wa Jaji Richard Scott, uliotolewa Februari 1996, uliyapitia majibu hayo moja moja ukayalinganisha na nyaraka za ndani. Kilichowezesha kazi hiyo ni kwamba majibu yalikuwa yameandikwa na kutunzwa. Mwaka 1997 mabaraza yote mawili ya Bunge la huko yakapitisha azimio: waziri analazimika kutoa taarifa sahihi, akikosea asahihishe mapema iwezekanavyo, na akipotosha kwa kujua anatarajiwa kujiuzulu. Jibu lililosemwa kwenye mkutano wa hadhara unaweza kulikana. Lililoandikwa kwenye Taarifa Rasmi ya Bunge linakusubiri.

Na hapo ndipo wengi wetu tunapoachia kamba. Swali limeulizwa, limejibiwa, mbunge ametuma sauti kwenye makundi ya WhatsApp, imekwisha. Kazi ilikuwa ndiyo inaanza. Kila ofisi ya mbunge, na kila diwani, awe na daftari moja, la karatasi linatosha kabisa. Andika tarehe ya jibu, nani alijibu, alisema nini kwa maneno yake hasa bila kufupisha, ahadi ni ipi, inatakiwa kutimia lini, na tarehe ya kurudi kuuliza. Chota maneno kutoka Taarifa Rasmi ya Bunge, si kutoka kichwani, kwa sababu "tutajenga" na "tunatarajia kujenga" ni vitu viwili. India kamati ya bunge ya ahadi za serikali imekuwapo tangu mwaka 1953. Kazi yake ni kupekua majibu ya mawaziri, kuokota kila neno la kuahidi, hata "suala hili linafanyiwa kazi", na kudai litimizwe ndani ya miezi mitatu. Daftari lako ndiyo kamati hiyo kwa kiwango cha kata.

Swali lina mpaka wake pia, tusilibebeshe lisichoweza. Hapa Kigoma tunalo la kukumbuka. Agosti 2007, Zitto Kabwe, wakati huo mbunge wa Kigoma Kaskazini, alipotaka Bunge lichunguze mkataba wa mgodi wa Buzwagi uliosainiwa London, hakutumia swali. Alileta hoja binafsi, kwa sababu alitaka Bunge liamue jambo, na swali haliamui. Alisimamishwa ubunge kwa miezi kadhaa. Lakini mwaka huohuo Rais Kikwete aliunda kamati chini ya Jaji Mark Bomani kupitia sekta ya madini, na Zitto akawa mmoja wa wajumbe wake. Swali hukusanya ushahidi, hoja hudai uamuzi. Anayeanza na hoja kabla ya kukusanya majibu ya maandishi anakwenda shambani bila jembe.

Nanyi madiwani msiseme haya ni ya Dodoma. Baraza lenu linakaa kila robo mwaka, na kanuni za kudumu za halmashauri zinawaruhusu kuuliza. Tatizo ninaloliona kwenye mabaraza ni diwani kulalamika badala ya kuuliza: "Mheshimiwa Mwenyekiti, kata yangu imesahaulika!" Mkurugenzi atajibu kwamba hakuna kata iliyosahaulika. Uliza kwa maandishi mapema: mapato ya ndani robo hii ni kiasi gani, asilimia 10 ya mapato hayo inayotengwa kwa mikopo ya vijana, wanawake na watu wenye ulemavu ilitolewa kwa vikundi vingapi, vya kata zipi, na marejesho yamefikia kiasi gani? Na wa redio, wala hamhitaji cheo. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa raia haki ya kuomba taarifa kwa maandishi, na ofisi iliyoombwa ina siku 30 za kujibu. Taratibu za kuliandika swali ni zilezile.

Nimalizie na ziwa letu, maana najua ndilo mnalolingoja. Mwaka 2024, kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, uvuvi ulisimamishwa Ziwa Tanganyika ili samaki wazaliane. Familia za Kibirizi na Katonga zilikaa miezi mitatu bila mtumbwi kuingia majini. Zinastahili majibu, na majibu hayo yaombwe kwa mpangilio. Swali la kwanza, la mkutano wa Novemba, liwe la namba tupu: katika kila mwalo, yaani mahali samaki wanapoteremshwa, wa Mkoa wa Kigoma, ni tani ngapi za dagaa na migebuka zilipimwa kila mwezi katika miezi kumi na miwili kabla ya zuio na kumi na miwili baada yake? La pili, la mkutano wa mwanzo wa mwaka, lijengwe juu ya jibu la kwanza: kati ya wavuvi na wachakataji waliosajiliwa, wangapi walipata mkopo au shughuli mbadala wakati wa zuio, na kwa kiasi gani? La tatu lisiwe swali tena. Mkutano wa bajeti unaanza Aprili, na Wizara ya Mifugo na Uvuvi itasimama kuomba fedha. Siku hiyo mbunge asimame na majibu yale mawili, ayasome kwa tarehe zake, aonyeshe ni mwalo upi ulioongezeka na upi uliopungua, kisha aombe ufafanuzi wa kifungu cha fedha kinachohusu ziwa kabla hajakubali kipite. Ili swali la kwanza lifike kwa Katibu kwa wakati, namba za mialo zianze kukusanywa mwezi huu, na wanaozijua ni wasimamizi wa mialo na maafisa uvuvi wa kata zenu.

Karibuni maswali.